Jibu letu juu ya nyusi



Anayeshika kalamu ni mmoja, lakini makala hii ni ya mafrateri wawili. Wote tuna miaka 25, wote tuko mwaka wa pili wa falsafa, na likizo iliyopita tulitumwa pamoja katika parokia moja. Jina la parokia tunaliacha kwa makusudi. Sababu mtaiona mbele. Katika haya tutakayosimulia, mmoja wetu alisema, na mwenzake akatikisa kichwa kukubali kisha akaongezea mstari wa Maandiko. Nani alifanya lipi hatutasema. Tumekwisha kulizungumza usiku mwingi, tukaona kwamba aliyekubali naye alijibu.

Jumamosi moja paroko alituachia semina ya WAWATA na vijana. Mada tuliimaliza salama, watu wakanywa chai, ndipo likaletwa sanduku la maswali. Lilikuwa boksi la biskuti lililotobolewa juu. Maswali matatu ya kwanza yalikuwa ya kawaida: ndoa ya mseto, zaka, na kama inafaa kusali rozari ukiwa kitandani. La nne liliandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri, bila jina: "Frateri, mtu aliyechora nyusi kwa tatuu anaruhusiwa kupokea Komunyo?"

Watu walicheka hata kabla hatujajibu. Pale ukumbini akina dada kadhaa walikuwa na nyusi hizo, zile nyeusi zilizonyooka ambazo maji hayazitoi, na wawili watatu walikuwa na midomo iliyochomwa rangi ya waridi. Tuliwaona, nao walituona. Na sisi muhula ule tulikuwa tumetoka kusoma Gorgia ya Plato, mahali Sokrate anapozigawa sanaa za kweli na zile za kubembeleza. Mazoezi huupa mwili uzuri wake wenyewe, na urembeshaji hujifanya mazoezi kwa rangi na mavazi. Tiba huponya, na upishi hujifanya tiba. Basi tukalitoa lile somo zima, tukalipiga chumvi kidogo. Tulisema uso ni sahihi ya Mungu, na anayeichora upya anaghushi hati. Tulisema mwenye nyusi za wino anasema uongo tangu anapoamka hadi anapolala, hata akiwa kimya. Kisha ukaongezwa mstari wa 28 wa sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, unaokataza kujichanja na kujitia alama mwilini. Kuhusu Komunyo yenyewe tulisema kila mtu "ajipime dhamiri yake", jibu ambalo ukilitazama vizuri si jibu.

Ukumbi ulipiga makofi. Vijana walipiga miluzi. Tulirudi nyumba ya mapadre tukiwa wepesi kama waliokwisha kupata daraja.

Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa na pengo katika sauti ya pili, wala hatukulijali. Jumapili ya pili yake mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo moja, mzee anayepima maneno, alitungoja nje ya sakristia. Akatwambia kuna mama wa kwaya ambaye sasa anasali chini ya mwembe, nje ya kanisa, na wakati wa Komunyo anainamisha kichwa. "Nilimuuliza," alisema, "akaniambia mafrateri wamesema." Hakuongeza neno. Alituachia njia ya kwenda nyumbani kwake, akaenda zake.

Tulikwenda Jumatatu jioni. Tulimkuta anachambua mchele barazani. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba wanangu, akatuwekea viti, akaenda kuchemsha chai kana kwamba tumekuja kwa heri. Tulijieleza vibaya. Tulisema semina ile ilikuwa ya watu wote, hatukumlenga mtu. Akasikiliza. Halafu akavua kilemba, akachota maji kwenye ndoo, akanawa uso mbele yetu, akajifuta kwa kanga. "Mnaziona?" Nyusi zilikuwa palepale. "Hizi ndizo nyusi pekee nilizonazo. Zangu zilikwenda na ukoma."

Aliugua akiwa msichana, mkoa mwingine. Kwanza mabaka yasiyosikia, kisha nyusi zikaanza kupukutika kutoka upande wa nje kuja ndani, mpaka zikaisha. Kwao kila mtu alijua maana yake. Ukoma, wapendwa, ni ugonjwa wa bakteria. Hansen wa Norwei ndiye aliyemtambua mdudu wake mwaka 1873. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya dawa mchanganyiko, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Muda mfupi baada ya kuanza dawa mgonjwa haambukizi tena. Mama huyu alimeza vidonge vyake mwaka mzima. Kimojawapo kiliifanya ngozi yake iwe nyeusi, na weusi ule ulichukua muda kutoka. Akapona. Kadi ya kupona anayo, alituonyesha, imefungwa katika mfuko wa nailoni.

"Lakini kadi siivai usoni," alisema. "Nyusi ndiyo kadi wanayoisoma watu." Harusini walimpa sahani ya peke yake. Shuleni kwa mwanawe mama mmoja alimhamishia mtoto wake dawati jingine. Alipohamia huku alijipaka wanja kila alfajiri kabla hata ya kufungua dirisha, miaka na miaka, akiogopa jasho, akiogopa mvua, akiogopa maji ya baraka. Ndiyo, maji ya baraka. Siku ya Mkesha wa Pasaka paroko alipokuwa akinyunyiza maji, yeye alikuwa anajificha nyuma ya nguzo.

Kisha akasikia habari za tatuu ya nyusi. Akaweka akiba kwenye kikoba miezi saba, laki moja na ishirini. "Siku nilipotoka pale nilisimama kwenye mvua," alisema. "Makusudi kabisa."

Swali la wino wa bluu lilikuwa la kwake. Aliliandika kwa sababu mwenzake wa kwaya alimtia shaka, naye alitaka kulimaliza. Alitarajia tungesema hakuna neno, basi.

Chai ilipoa. Tulimwomba msamaha, akasema amesamehe, lakini kwa sauti ambayo mtu hutumia kumwambia mtoto aliyevunja kikombe. Tulipomwambia kwamba hana dhambi, alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Mlisema nina uongo mbele ya watu mia mbili. Sasa mnasema sina, mbele ya jiko langu. Nichukue lipi?" Tulimwomba aende akazungumze na paroko. Akakubali. Tulipokuwa tunaondoka akatwambia kitu kimoja zaidi: "Nyinyi mliwahi kuona inavyofanywa? Nendeni mkaone kwanza."

Tulikwenda. Mafrateri wawili ndani ya saluni ya wanawake, msicheke sana. Fundi ni dada Mwislamu, mchangamfu, alitupokea kwa "karibuni mapadri" na akatuweka kwenye benchi kati ya dada mwenye dawa ya nywele kichwani na mwingine aliyekuwa anatindwa nyusi kwa uzi. Alikuwa na mteja siku hiyo, naye mteja aliridhia tutazame, kwa kuwa eti hajawahi kuombewa akichorwa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kwanza fundi alipima uso kwa uzi uliopakwa wanja, akachora umbo kwa penseli, akafuta, akachora tena, mteja akiwa na kioo mkononi. Hapo pekee zilikwenda zaidi ya dakika thelathini. Kisha akapaka dawa ya ganzi. Akafungua pakiti ya sindano mbele ya macho ya mteja, akisema mwenye saluni asiyefanya hivyo mkimbie, kwa kuwa sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukuletea homa ya ini au Virusi vya UKIMWI. Kalamu yake ina sindano ndogo mno zilizopangwa mstari mmoja kama wembe. Anakwaruza unywele mmoja mmoja, anajaza wino, anafuta, anarudia. Wino hauendi chini kama wa tatuu ya kawaida, ndiyo maana haukai milele: kwa wengi ni mwaka mmoja hadi mitatu, na ngozi yenye mafuta huutoa mapema. Siku za kwanza rangi huwa kali, hufuata vigaga ambavyo ni marufuku kubandua, halafu rangi hupungua, na baada ya wiki nne hadi nane mteja anarudi kujaziwa palipopauka.

Alituonyesha pia alichokuwa akikiuliza kila mteja kabla ya kumgusa: una sukari? una mimba? ukiumia kovu lako huvimba likapanda? Ngozi zetu nyeusi zina tabia hiyo, na mwenye makovu ya namna ile humrudisha nyumbani na hela yake. Midomo ni habari nyingine. Inavimba siku ile ile, na kwa mtu anayetokwa na vipele vya homa mdomoni sindano inaweza kuamsha virusi vilivyolala, kwa hiyo humtaka apite kwanza kwa daktari apewe dawa. Mdomo mweusi haupokei waridi moja kwa moja. Huanziwa na rangi ya chungwa ili kuupoza weusi, la sivyo unatoka kama uliopigwa ngumi. Alikuwa na picha kwenye simu za kazi za watu wengine zilizoharibika: nyusi zilizogeuka nyekundu, nyusi zilizogeuka kijivu cha samawati kama wino wa mhuri. Ndani ya wino wa nyusi mara nyingi mna madini ya chuma, na rangi zilizochanganywa humo hazififii kwa mwendo mmoja.

Tulimuuliza kuhusu mama yetu, bila kutaja jina. Alijua mara moja. "Yule aliniambia nisiweke ganzi, akiba isaidie nauli. Nikamwambia utalia. Kushoto hakusikia kitu. Nachana yeye ananitazama tu." Alinyamaza kidogo, akasafisha kalamu. "Nilidhani ni jasiri." Halafu akatwambia kwamba hata kwao wanabishana kama inafaa au haifai, na masheikh wengi husema haifai, na yeye mwenyewe hulala akiwaza. Wawili kati ya wateja wake walipoteza nyusi kwa dawa za saratani. "Hao siwachaji kitu," alisema, "hapo nalala vizuri."

Usiku ule tulifungua vitabu. Nyumba ya mapadre ina Suma ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, ya Kiingereza, imeliwa na mchwa pembeni. Katika sehemu ya pili ya pili, swali la 169, kifungu cha pili, Thoma anauliza hasa jambo letu: kama kujipamba kwa wanawake kuna dhambi ya mauti. Anaanza na pingamizi, kama kawaida yake, na mojawapo ni maneno makali ya Mtakatifu Sipriani dhidi ya wanaopaka rangi kazi ya Mungu. Lile lilikuwa karibu jibu letu zima, limeandikwa karne ya tatu, na sisi tuliliona jipya. Kisha Thoma anajibu. Anakubali kwamba kujipaka kwa namna hiyo ni aina ya kughushi, lakini si kila mara ni dhambi ya mauti. Inategemea kama kumefanywa kwa uchafu wa moyo au kumdharau Mungu. Na hapo hapo anaweka tofauti ambayo ilitufanya tufunge kitabu: ni jambo moja kujitwalia uzuri usio nao, na jingine kuficha ubovu uliotokana na ugonjwa au sababu kama hiyo. Hili la pili ni halali. Thoma alifariki mwaka 1274. Swali la mama yule lilikuwa limekwisha kujibiwa, na jibu lilikuwa kwenye rafu, futi sita kutoka kitanda tulicholalia usiku wa makofi.

Asubuhi tulimweleza paroko yote. Hakukasirika, laiti angekasirika. Alisema, "Huo mstari wa 28 mliusoma. Na wa 27?" Tukaenda kutazama. Unakataza kuharibu pembe za ndevu. Sisi wote wawili tulikuwa tumenyoa, kidevu safi kama yai. Akatufafanulia kwamba mahali pale panahusu matambiko, kujichanja kwa ajili ya wafu kama walivyofanya mataifa ya jirani, na kwamba si sahihi kuchomoa mstari mmoja ukampigia nao mtu. Akatukumbusha habari ya Machi 2018 mjini Roma, vijana walipokutana kuandaa Sinodi, frateri mmoja kutoka Ukraine alipomuuliza Papa Fransisko kuhusu tatuu. Papa alimwambia asiziogope, akakumbusha kwamba Wakristo wa Eritrea tangu zamani hujichora msalaba kwenye paji la uso. Frateri mwenzetu aliuliza kabla ya kuhukumu. Sisi tulianzia mwisho.

Tuliongeza wenyewe kwamba Wamakonde nao walikuwa na nembo zao usoni, chale zilizosema mtu ni wa nani na ametoka wapi. Mmoja wetu ana bibi mwenye chale hizo, amebatizwa, amepewa Kipaimara, na hakuna aliyewahi kumwambia asali chini ya mwembe.

Lililotuuma zaidi ni Plato mwenyewe. Tulirudi kuisoma Gorgia polepole. Urembeshaji na upishi pale ni mifano tu. Anayeshtakiwa katika kitabu kile ni msemaji, yule anayejua kuupendeza umati asijue haki ni nini, akapigiwa makofi. Yaani siku ile ukumbini kulikuwa na wabembelezaji wawili kweli, na hawakuwa wenye nyusi.

Tusieleweke kwamba sasa tunawaambia wadada wote wakimbilie sindano. Tulipokuwa saluni aliingia binti wa miaka 18 hivi, anataka midomo, pesa ya ada ya chuo ikiwa mkononi, na sababu yake ni mchumba aliyesema midomo yake ni ya mvuta sigara. Fundi alimrudisha. Sisi tungependa kumrudisha pia, na tungependa zaidi kumpata yule mchumba. Katekisimu, namba 2289, inaonya juu ya kuuabudu mwili, na onyo hilo lina kazi mtaani kwetu kila siku. Ila tofauti ya binti yule na mama yetu haionekani kwenye nyusi wala midomo. Kuijua kunataka ukae barazani, unywe chai, usubiri uambiwe. Hatukuwa na subira hiyo ya dakika kumi.

Kulikuwa na shida ya kurekebisha. Tungesimama na kusema "tulikosea" bila kueleza, watu wangetafuta ni nani aliyelalamika. Tungeeleza, tungemvua kilemba hadharani. Tulimwendea tena mama tukamuuliza. Alifikiri siku mbili, akatuma ujumbe kwa mwenyekiti: semeni, ila msiseme ukoma. Na makala hii je? Alipoambiwa, akasema andikeni na ukoma, ila msiseme mkoa. Yeye ndiye aliyepanga, hatukupanga sisi.

Jumapili, baada ya matangazo, paroko alituita mbele. Tulisema kwamba jibu letu la semina lilikuwa la makosa; kwamba tulinukuu Walawi bila kuusoma; kwamba Mtakatifu Thoma anafundisha kuficha alama ya ugonjwa si dhambi; na kwamba kama kuna mtu aliyejizuia Komunyo kwa ajili ya maneno yetu, deni ni letu. Ilichukua dakika tatu. Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja aliyepiga miluzi siku ile alikuwa anatazama viatu vyake, na mama mmoja mbele alitufungulia macho kama anayetuona kwa mara ya kwanza.

Mama yetu hakuwepo ndani. Alikuwa mwembeni, na spika ya nje ilikuwa mbovu tangu mvua za masika, kwa hiyo pengine hakusikia lolote.

Jumapili yetu ya mwisho ilikuwa ya kunyunyiziwa maji ya baraka. Mmoja wetu alishika kindoo, mwingine alimfuata paroko na kitabu. Tulipofika upande wa kwaya, alikuwa amesimama mahali pake katika sauti ya pili, pembeni, karibu na njia. Paroko alichovya, akanyunyiza, na matone mengine yalimwangukia usoni. Hakuyafuta. Tuliona kwamba upande wa kulia rangi imeanza kupauka, itabidi arudi kwa fundi kabla ya Noeli. Wakati wa Komunyo alipanga foleni na wengine. Alipotupita hakututazama, nasi hatukumtazama, tulikuwa tumeshika patena.